Dozi ya Mionzi katika Kipimo cha CT kwa Watoto: Namba Inayopaswa Kusafiri Pamoja na Mtoto

Utangulizi

Isongole ni kata ya mpakani katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, mahali ambapo Tanzania hupakana na Malawi. Mtoto wa huko akianguka kutoka juu ya mti au akigongwa na bodaboda, kisha akapoteza fahamu, hupokewa kwanza katika zahanati au kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya. Ikionekana kwamba anahitaji kipimo cha CT, maarufu kama CT-Scan, safari huendelea kwa barabara ya Mpemba–Isongole, yenye urefu wa takriban kilomita 50, hadi barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na kutoka hapo kuelekea Vwawa au Mbeya. Mzazi hubeba barua ya rufaa, kadi ya kliniki, majibu ya damu na pengine picha za eksirei. Lipo jambo moja ambalo ni rahisi kuachwa nyuma, nalo ni kiasi cha mionzi ambacho mtoto amekwisha kupokea.

Somo hili linaeleza namna dozi ya mionzi inavyopimwa pale mtoto anapofanyiwa kipimo cha CT, namba zinazoonekana kwenye skrini ya mashine zinatoka wapi, na kwa nini namba hizo zinaweza kumpotosha msomaji asiyezifahamu. Mhudumu wa afya atakayelisoma ataweza kufasiri namba hizo, kuziandika kwenye barua ya rufaa na kuzitumia kuboresha huduma. Mzazi atakayelisoma atajua maswali ya kuuliza, na atatulizwa pale ambapo hofu haina msingi.

Kwa nini mtoto hupewa uangalizi wa pekee

Kipimo cha CT hutumia mionzi ya eksi, ile ile itumikayo katika picha ya kawaida ya eksirei, lakini kwa wingi zaidi, kwa kuwa mrija wa mionzi huzunguka mwili na kuupiga picha kutoka pande zote. Mionzi hiyo ina nguvu ya kuharibu vinasaba vilivyomo ndani ya seli. Sehemu kubwa ya uharibifu hurekebishwa na mwili wenyewe. Sehemu ndogo huweza kubaki, na baada ya miaka mingi ikachangia kutokea kwa saratani.

Mtoto yumo katika hatari kubwa kuliko mtu mzima kwa sababu tatu. Kwanza, seli zake zinagawanyika kwa kasi kwa kuwa anakua, na seli inayogawanyika huathirika kwa urahisi. Pili, ana miaka mingi ya kuishi mbele yake, hivyo madhara yanayochukua muda mrefu kujitokeza yanapata nafasi ya kujitokeza. Tatu, mwili wake ni mdogo. Katika mwili wa mtu mzima, nyama na mifupa ya juu hupunguza mionzi kabla haijafika katikati. Katika mwili wa mtoto mchanga kizuizi hicho ni chembamba, na viungo vya ndani hupokea karibu kiasi kile kile kinachopokewa na ngozi. Mashine ikitumiwa kwa mpangilio wa mtu mzima, viungo vya mtoto hupokea dozi kubwa zaidi kuliko viungo vya mtu mzima, na picha haiwi na manufaa zaidi kwa daktari.

Namba za kwenye skrini zinatoka wapi

Hakuna anayeweza kuingiza kipimio ndani ya ubongo au ini la mtoto aliye hai. Kwa sababu hiyo dozi hupimwa kwanza katika mwili bandia, unaoitwa fantomu. Fantomu ya CT ni silinda ya plastiki angavu yenye matundu matano, moja katikati na manne pembezoni. Zipo za ukubwa wa aina mbili: yenye kipenyo cha sentimita 16, inayowakilisha kichwa, na yenye kipenyo cha sentimita 32, inayowakilisha kiwiliwili cha mtu mzima.

Mtaalamu wa fizikia tiba huilaza fantomu kwenye kitanda cha mashine na kuingiza katika tundu mojawapo kijiti cha kupimia chenye urefu wa milimita 100, kinachoitwa chemba ya ioni. Mionzi inapopita, hewa iliyomo ndani ya kijiti hicho hutoa chaji za umeme. Kiasi cha umeme huo hutafsiriwa kuwa dozi, nayo hutajwa kwa kizio cha miligrei, kwa kifupi mGy. Kazi hiyo hurudiwa katika matundu yote, kwa kuwa pembezoni hupokea mionzi mingi kuliko katikati. Kisha hutafutwa wastani unaoipa namba ya katikati uzito wa theluthi moja na wastani wa pembezoni uzito wa theluthi mbili. Kama katikati pana mGy 6 na pembezoni mGy 12, jibu ni 2 kujumlisha 8, yaani mGy 10.

Wakati wa kumpima mgonjwa, kitanda husogea huku mrija ukizunguka. Kitanda kikienda kasi, mizunguko hutengana na dozi hupungua. Kikienda polepole, mizunguko hupandana na dozi huongezeka. Hivyo namba ile hugawanywa kwa uwiano wa mwendo wa kitanda na upana wa mwale. Uwiano ukiwa 1.25, mGy 10 hugeuka kuwa mGy 8. Hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwenye skrini kwa herufi CTDIvol.

Namba ya pili huandikwa kwa herufi DLP. Hupatikana kwa kuzidisha CTDIvol kwa urefu wa sehemu iliyopigwa picha, kwa sentimita. Mfano wa mpaka rangi husaidia kuzitofautisha. CTDIvol ni kama unene wa rangi ukutani, nayo DLP ni kama rangi yote iliyotumika. Fundi anaweza kupaka rangi nyembamba lakini akapaka ukuta mrefu kupita mahitaji. Vivyo hivyo, mtoto anaweza kupimwa kwa CTDIvol ndogo lakini picha ikaanzia kichwani na kushuka hadi shingoni bila sababu, na tezi ya shingo ikapokea mionzi isiyo na faida.

Mtego wa silinda mbili

Hapa ndipo makosa mengi ya kufasiri yanapoweza kutokea. CTDIvol inayoonekana kwenye skrini haikupimwa katika mwili wa mtoto aliyelala kitandani. Inaeleza kiasi ambacho mashine imekitoa, kikihesabiwa kana kwamba aliyelala pale ni silinda ya plastiki. Kwa kichwa, silinda inayotumika ni ile ya sentimita 16. Kwa kifua na tumbo la mtoto, baadhi ya mashine hutumia silinda ya sentimita 16, na nyingine ile ya sentimita 32.

Tofauti yake ni kubwa. Mashine mbili zinaweza kutoa mionzi ile ile kwa watoto wawili wanaolingana, ya kwanza ikaandika mGy 5 na ya pili ikaandika takriban mGy 10, kwa sababu tu ya silinda iliyochaguliwa na mtengenezaji. Anayelinganisha namba hizo bila kujua silinda atasema kwamba hospitali ya pili inawaunguza watoto, ilhali zote mbili zimefanya jambo moja. Kwa hiyo CTDIvol ya kifua au tumbo la mtoto isiyotajwa pamoja na ukubwa wa fantomu haijakamilika. Mara nyingi ukubwa huo huandikwa kwenye ukurasa wa ripoti ya dozi unaotolewa na mashine mwishoni mwa kipimo.

Mwaka 2011 chama cha wanafizikia tiba wa Marekani, AAPM, kilichapisha njia ya kurekebisha namba hiyo kulingana na umbo la mgonjwa. Hupimwa unene wa mwili kutoka mbele hadi nyuma na upana wake kutoka ubavu hadi ubavu, kwa rula ya kawaida au kwenye picha ya awali ya mashine. Vipimo hivyo viwili huzidishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jibu. Mtoto mwenye unene wa sentimita 13 na upana wa sentimita 17 ana kipenyo kinachokaribia sentimita 15. Kwa kipenyo hicho, jedwali la AAPM linaelekeza kuzidisha namba ya silinda ya sentimita 32 kwa takriban 2.1. Hivyo mGy 5 za kwenye skrini ni zaidi ya mGy 10 ndani ya mtoto huyo. Namba iliyorekebishwa huitwa SSDE, maana yake dozi inayozingatia ukubwa wa mgonjwa. Hesabu yake haihitaji mashine mpya. Huhitaji rula, jedwali na dakika chache.

Kutoka miligrei hadi hatari

Miligrei hueleza nishati iliyobaki mwilini. Ili kulinganisha kipimo cha sehemu moja ya mwili na kingine, hutumika kizio cha milisivati, kwa kifupi mSv, kinachozingatia kwamba viungo havilingani katika kuathirika. Njia ya mkato ni kuzidisha DLP kwa kigawo maalumu cha sehemu ya mwili na umri. Kwa kichwa, kigawo hicho ni 0.011 kwa mtoto mchanga, 0.0067 kwa mtoto wa mwaka 1, 0.0040 kwa wa miaka 5, 0.0032 kwa wa miaka 10, na 0.0021 kwa mtu mzima. Msomaji ataona kwamba DLP ile ile humwelemea mtoto wa mwaka mmoja zaidi ya mara tatu kuliko mtu mzima, na mtoto mchanga zaidi ya mara tano.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mtoto wa miezi 18 aliyepigwa picha ya kichwa yenye urefu wa sentimita 14. Mpangilio wa watoto umetumika, na CTDIvol ni mGy 30. DLP ni 30 mara 14, yaani 420. Ikizidishwa kwa 0.0067, hupatikana takriban mSv 2.8. Kwa wastani wa dunia, kila mtu hupokea takriban mSv 2.4 kwa mwaka kutokana na mionzi ya asili iliyomo ardhini, hewani, katika chakula na angani. Kwa hiyo mtoto huyo amepokea kwa dakika moja kiasi cha zaidi kidogo ya mwaka mmoja wa mionzi ya asili. Endapo jeraha lake linahitaji kipimo, hiyo ni gharama ndogo ikilinganishwa na uhai wake.

Sasa mpangilio wa mtu mzima uachwe bila kubadilishwa, na CTDIvol iwe mGy 60. DLP hupanda hadi 840 na dozi hadi takriban mSv 5.6. Picha ikipigwa mara mbili, kabla na baada ya dawa ya mishipa, pasipo swali la kitabibu linalohitaji hivyo, dozi hufika mSv 11.3. Na mtoto akihamishiwa hospitali nyingine bila diski ya picha, akapimwa upya, mzigo huongezeka tena. Ugonjwa ni ule ule na mtoto ni yule yule, lakini mionzi imeongezeka zaidi ya mara nne kwa sababu ambazo zote zingeweza kuzuilika.

Ushahidi wa tafiti

Suala hili si geni Tanzania. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa kimataifa ambao mwandishi wake wa kwanza alikuwa Wilbroad Muhogora wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Utafiti huo ulichunguza vituo 128 vya CT katika nchi 28 za Afrika, Asia na Ulaya Mashariki. Takwimu za dozi zilipatikana kutoka vituo 101 katika nchi 19. Ilionekana kwamba, kwa wastani, watoto wa chini ya miaka 15 walikuwa asilimia 20 ya waliofanyiwa CT katika vituo vya Afrika, asilimia 16 katika vile vya Asia, na asilimia 5 katika vile vya Ulaya Mashariki. Nchi 11 ziliripoti kuwapima watoto kwa mipangilio ya watu wazima. Matokeo hayo yanaonyesha mahali pa kuanzia: Afrika ina watoto wengi miongoni mwa wanaopimwa, na kosa linalowaongezea mionzi linaweza kurekebishwa bila kununua chochote.

Kuhusu madhara, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet ulifuatilia zaidi ya watoto na vijana 178,000 waliofanyiwa CT kati ya mwaka 1985 na 2002. Waliopokea jumla ya takriban mGy 50 kwenye uboho walikuwa na hatari ya saratani ya damu iliyokaribia mara tatu, na waliopokea takriban mGy 60 kwenye ubongo walikuwa na hatari ya uvimbe wa ubongo iliyokaribia mara tatu pia. Mara tatu ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo. Watafiti hao walikadiria kwamba kwa kila vipimo 10,000 vya CT ya kichwa kwa watoto wa chini ya miaka 10, huongezeka mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo katika miaka 10 inayofuata. Utafiti mwingine wa nchi 9 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha karibu watu 950,000 waliopimwa kabla ya kufikia umri wa miaka 22, ulikadiria kwamba kati ya watoto 10,000 wanaopimwa kwa dozi za sasa, mmoja au wawili wanaweza kupata saratani ya damu itokanayo na mionzi hiyo katika miaka 12 inayofuata.

Namba hizi zinafundisha mambo mawili kwa pamoja. Mtoto aliyevuja damu kichwani asicheleweshwe hata saa moja kwa kuogopa mionzi. Na mtoto asiye na dalili asipelekwe CT ili tu kuondoa wasiwasi wa mtu mzima.

Kabla ya barua ya rufaa kuandikwa

Dozi ndogo kuliko zote ni ya kipimo ambacho hakikuhitajika na hakikufanyika. Kwa jeraha la kichwa, mwongozo unaotumika sana ulitokana na utafiti wa PECARN wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2009 baada ya kuchunguza watoto 42,412. Mtoto wa chini ya miaka 2 ambaye fahamu zake ni za kawaida, hana mfupa wa fuvu unaohisika kuvunjika, hana uvimbe kisogoni au pembeni mwa kichwa, hakupoteza fahamu kwa sekunde 5 au zaidi, hakupata ajali kubwa, na mzazi wake anaona kwamba anatenda kama kawaida yake, ana uwezekano wa chini ya asilimia 0.02 wa kuwa na jeraha zito la ubongo. Huyo hahitaji CT. Mwenye fahamu zilizobadilika au fuvu lililovunjika anaihitaji bila kuchelewa. Walio katikati ya makundi hayo mawili wanaweza kuangaliwa kwa saa kadhaa na mhudumu makini, kisha uamuzi ukafanywa kwa kushauriana na daktari. Kwa mtoto wa Ileje, uangalizi huo uamuliwe kwa kuzingatia umbali. Ikiwa usafiri wa usiku ni mashaka, ni busara kumsogeza mapema karibu na hospitali yenye mashine, hata kama kipimo chenyewe bado hakijaamuliwa.

Degedege la kawaida linaloambatana na homa, lililotokea mara moja na kwa muda mfupi, huku mtoto akirejea katika hali yake, halihitaji CT. Linahitaji kutafutwa chanzo cha homa, ikiwemo malaria, na kuhakikisha kwamba mtoto hana homa ya uti wa mgongo.

Watoto wenye kichwa kikubwa kutokana na maji kujaa ndani ya ubongo wanastahili kutajwa peke yao. Wengi wao huwekewa mrija wa kupunguza maji na huhitaji kuchunguzwa mara nyingi katika maisha yao. Kwao, mzigo wa mionzi hujengwa kidogo kidogo. Wakati utosi ungali wazi, ultrasaundi inaweza kuonyesha ukubwa wa vyumba vya maji bila mionzi yoyote. Utosi ukishafunga, MRI hupendelewa inapopatikana. Ikilazimu CT, itumike ya dozi ndogo, kwa kuwa swali linaloulizwa ni kama vyumba vimepanuka, na jibu lake halihitaji picha ya ubora wa juu kabisa.

Ndani ya chumba cha CT

Mtaalamu wa mionzi ndiye mlinzi wa mwisho wa mtoto. Kabla ya kubonyeza kitufe, ahakikishe mambo yafuatayo:

1. Mpangilio wa watoto umechaguliwa, kwa kufuata umri kwa kichwa na uzito au upana wa mwili kwa kifua na tumbo.
2. Mtoto amelazwa katikati kabisa ya duara la mashine. Akiwa juu au chini mno, mfumo unaojirekebisha wenyewe hukosea ukubwa wake na huweza kuongeza dozi.
3. Urefu wa picha umeishia pale swali la daktari linapoishia.
4. Picha inapigwa mara moja, isipokuwa daktari bingwa wa radiolojia ameeleza sababu ya kuirudia.
5. Mtoto ametulizwa. Mtoto anayejirusha huharibu picha, na picha iliyoharibika hurudiwa.
6. CTDIvol inayokadiriwa imesomwa kabla ya kuanza. Mashine nyingi huionyesha mapema, na huo ndio wakati wa kugundua kwamba mpangilio wa mtu mzima haukubadilishwa.

Kulinganisha na kuandika

Umoja wa Ulaya ulichapisha mwaka 2018 viwango rejea vya watoto. Kwa CT ya kichwa, CTDIvol rejea ni mGy 24 kwa mtoto wa chini ya miezi 3, mGy 28 kwa wa miezi 3 hadi chini ya mwaka 1, mGy 40 kwa wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 6, na mGy 50 kwa wa miaka 6 na kuendelea. Kiwango rejea si kikomo cha kisheria kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa kuwa mtoto fulani anaweza kuhitaji zaidi kwa sababu za kitabibu. Ni kengele: hospitali ambayo dozi zake za kawaida hupita kiwango hicho inapaswa kutafuta sababu.

Hospitali inaweza kujitathmini yenyewe. Zikusanywe CTDIvol za watoto wapatao 20 wa rika moja waliofanyiwa kipimo kimoja, zipangwe kutoka ndogo hadi kubwa, na itafutwe namba ya katikati. Kwa mfano mfupi, watoto watano wa mwaka 1 hadi 5 wana mGy 24, 26, 31, 33 na 62. Namba ya katikati ni 31, chini ya kiwango rejea cha 40, na hospitali inaweza kuridhika. Lakini ile 62 isipuuzwe. Inadokeza kwamba siku moja, pengine usiku wa zamu yenye msongamano, mtoto mmoja alipimwa kama mtu mzima. Orodha isingeandikwa, mtoto huyo asingejulikana.

Nchini Tanzania, usimamizi wa usalama wa mionzi uko chini ya TAEC, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Miongoni mwa kazi zake ni kupima mionzi katika vyakula vinavyopita mpakani. Tume hiyo pia husimamia vyumba vya mionzi hospitalini na kupima dozi za wafanyakazi wanaovaa vipimio vifuani. Mfanyakazi ana kipimio chake, mtoto hana. Kumbukumbu yake ni karatasi tu, na karatasi hiyo isipoandikwa hakuna kingine kitakachomkumbukia.

Kwa sababu hiyo, barua ya rufaa au kadi ya kuruhusiwa ya kila mtoto aliyefanyiwa CT ibebe mstari mmoja wenye mambo saba: tarehe, sehemu iliyopimwa, idadi ya mara picha ilipopigwa, CTDIvol, ukubwa wa fantomu, DLP na uzito wa mtoto. Picha zenyewe ziwekwe kwenye diski au zitumwe kwa mtandao, ili hospitali ya pili isilazimike kupima upya kilichokwisha kupimwa.

Kwa mzazi na mlezi

Mzazi ana haki ya kuuliza kwa heshima: Je, kipimo hiki kitabadilisha matibabu ya mwanangu? Je, upo uwezekano wa kutumia ultrasaundi au MRI? Je, mashine imepangwa kwa ajili ya mtoto? Je, naweza kupewa picha na namba za dozi? Maswali hayo hayamdharau daktari, na mhudumu mzuri huyapokea kwa moyo mkunjufu. Mzazi aeleze pia vipimo vyote vya awali, hata vilivyofanyika upande wa pili wa mpaka.

Mtoto akishatoka kwenye mashine, hana mionzi inayobaki mwilini. Anaweza kunyonyeshwa, kubebwa na kucheza na wenzake bila kumdhuru mtu. Mzazi anayebaki chumbani kumtuliza mtoto huvaa aproni ya risasi. Mama mjamzito, au anayedhani kuwa huenda ni mjamzito, aseme mapema na amwachie mwingine nafasi hiyo. Na daktari akieleza kwamba kipimo kinahitajika haraka, mzazi asikikatae kwa sababu ya mionzi. Jeraha la kichwa linaloachwa bila kupimwa huua kwa saa. Hatari ya mionzi ni ndogo na huhesabiwa kwa miaka.

Hitimisho

Dozi ya mtoto hupunguzwa na watu wengi: mhudumu wa zahanati anayechunguza kabla ya kuandika rufaa, daktari anayechagua kipimo kinachofaa, mtaalamu wa mionzi anayebadilisha mpangilio, na mzazi anayetunza diski. Kazi zao huunganishwa na namba moja iliyoandikwa vizuri, ikatajiwa fantomu yake, na ikasafiri na mtoto kutoka Isongole hadi Mbeya na kurudi nyumbani.

Maswali ya kujipima

1. Ripoti mbili za CT ya tumbo kwa watoto wanaolingana zinaonyesha mGy 6 na mGy 12. Ni jambo gani lijulikane kabla ya kusema kwamba ya pili ni kubwa?
2. Mtoto wa miaka 5 amepigwa picha ya kichwa yenye DLP ya 500. Dozi yake ni milisivati ngapi kwa makadirio?
3. Mtoto wa miaka 3 amepimwa kichwa kwa CTDIvol ya mGy 58. Je, kosa limethibitika?

Majibu

1. Ukubwa wa fantomu iliyotumika katika kila ripoti, sentimita 16 au 32.
2. 500 mara 0.0040, yaani mSv 2.
3. Halijathibitika, lakini namba imepita kiwango rejea cha mGy 40. Itafutwe sababu: mpangilio uliochaguliwa, namna mtoto alivyolazwa, na mahitaji ya kitabibu ya siku hiyo. Jibu liandikwe, ili mtoto anayefuata anufaike.